Kebo Inapokatika: Sekunde za Mwanzo za Rubani wa Glaida

Katika klabu nyingi za glaida nchini Uingereza, ndege hizi zisizo na injini hurushwa kwa winchi iliyo upande wa pili wa uwanja, ambayo huvuta kebo ya takriban kilomita moja na kuifikisha ndege futi 1,000 au zaidi kwa muda usiotimia dakika moja. Kama mwalimu wa urushaji huu, huwaambia wanafunzi mapema kwamba siku moja kebo itakatika. Kati ya kebo na ndege huwekwa kiungo cha chuma kilichokusudiwa kukatika kabla mabawa hayajaelemewa: cheusi hukatika kwa dekanyutoni 1,000 (nguvu inayokaribia uzito wa tani moja), cha buluu kwa 600, cheupe kwa 500.

Hatari haimo katika kukatika kwenyewe. Ndege inayopanda kwa nyuzi 45 ikipoteza mvuto wa kebo hupungukiwa na mwendo wa karibu kilomita 25 kwa saa katika kila sekunde, kwa hiyo rubani hana budi kuishusha pua mara moja mpaka chini ya upeo wa macho. Hapo ndipo wengi hutegwa. Pua imeshuka, mandhari ya mbele yanaonekana ya kawaida, lakini mwendo bado haujarudi, na anayefungua breki za hewa (mabamba ya kwenye mabawa ya kupunguza mwendo na kimo) au kukata kona wakati huo huyanyima mabawa nguvu ya kunyanyua, naye yuko karibu mno na ardhi kuweza kujiokoa. Nasisitiza jambo hili kuliko yote: shusha pua, kisha subiri, macho yakiwa kwenye kipimo cha mwendo, mpaka mwendo wa kutua urejee. Pua inaposhuka, mwili huhisi mwepesi kitini. Anayeanza huweza kudhani ndege inaanguka, akazidi kusukuma usukani bila sababu. Mwendo ukisharejea ndipo aamue: kama mbele pana nafasi ya kutosha, atue hapo hapo, kama hapana, azunguke.

Ndiyo maana katika mafunzo sisi walimu huachia kebo wenyewe bila kumwonya mwanafunzi, katika kimo tulichokichagua kwa uangalifu.

Mwezi Oktoba 2005, Chama cha Glaida cha Uingereza kilianzisha kampeni ya usalama wa winchi, na binafsi naithamini sana kwa sababu ilielekeza macho kwenye sekunde za kabla ya kukatika. Rubani anayeinua pua kwa pupa mara tu magurudumu yanapoacha ardhi huyaongezea mabawa mzigo, na mzigo ukifika maradufu, mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani hupanda kwa asilimia 40 hivi. Bawa moja likitangulia kushindwa kunyanyua, ndege hupinduka.

Hata ndege ikiwa ingali ardhini, mkono wa kushoto ukae kwenye kishikio cha njano cha kuachia kebo. Bawa likianza kulala na usukani ukashindwa kulisawazisha, kebo iachiwe kabla ncha ya bawa haijagusa nyasi.