Hades si shetani

Wengi waliomjua Hades kupitia filamu ya Disney ya mwaka 1997, Hercules, wanaamini ndiye shetani wa Wagiriki. Sivyo. Katika masimulizi ya kale miungu watatu, ndugu, waligawana ulimwengu kwa bahati nasibu: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Alitawala wafu, wema na wabaya pamoja. Kazi yake haikuwa kuwapotosha walio hai.

Adui halisi wa Heracles, ndiye Hercules wa filamu, alikuwa Hera, mke wa Zeus, kwa sababu Zeus alimzaa mtoto huyo na mwanamke mwingine, Alcmene. Hera ndiye aliyetuma nyoka wawili kitandani mwa mtoto mchanga, naye akawanyonga, mmoja kila mkono. Filamu imewabakiza nyoka hao, ila imewafanya watumishi wa Hades waliojigeuza, huku Hera akiwa mama mzazi mwenye upendo. Naelewa kwa nini: uzinzi ni mgumu kuusimulia kwa watoto. Lakini Hades amebebeshwa mzigo usio wake. Heracles aliposhuka kuzimu kumwomba Hades ampe Cerberus, mbwa mlinzi wa kuzimu, Hades alikubali, mradi tu amshinde bila silaha. Kosa lake kubwa ni kumteka Persephone, mungu wa kike aliyemfanya mkewe, na hilo filamu haikuligusa.