Boma la Lugard: Kilima Kimoja cha Kampala, Kazi Nyingi

Neno boma, ambalo wengi wetu nchini Uganda tunalihusisha na ofisi za serikali, lilianza kama ua tu wa miti au miiba, na historia ya kilima cha Old Kampala inaonyesha vizuri jinsi ua wa namna hiyo unavyoweza kugeuka kitu kingine kabisa.

Mnamo Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipiga kambi kilimani hapo bila kungoja Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, amwonyeshe pa kukaa, kwa kuwa kutoka juu aliweza kuitazama ikulu ya Mengo. Kambi ile ilizungushiwa udongo na magogo, ikawa ngome. Januari 1892, vita vilipozuka kati ya wafuasi wa Kabaka na kundi la Waprotestanti lililoungwa mkono na Lugard, bunduki za rashasha za Maxim zilifyatuliwa kutoka huko. Mwaka uliofuata bendera ya kampuni ilishushwa na ya Uingereza ikapandishwa; ngome ya wafanyabiashara ikawa ya dola.

Majeshi na ofisi zilipohamia kwingine, kilima hakikuachwa kitupu. Mwaka 1908 jengo dogo lililokuwa hapo lilianza kutunza vitu vya utamaduni, vikiwemo vya ibada za jadi, na ndiyo maana wenyeji waliliita nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi na mizimu. Sisi tunaofanya kazi za makumbusho hatupaswi kulicheka jina hilo, kwani aliyelitoa alijua vitu vile vilikuwa na kazi gani kabla ya kuwekwa rafuni. Mkusanyiko huo ulihamia Makerere katika miaka ya 1940, kisha mwaka 1954 ukapata jengo la sasa la Makumbusho ya Uganda huko Kitante.

Ujenzi wa msikiti mkuu wa taifa kilimani hapo, ulioanza wakati wa Idi Amin, ulisimama kwa miaka mingi hadi Libya ilipogharimia ukamilishaji wake mnamo 2006. Ngome ya zamani ilipisha ujenzi, na kinachoonekana leo kando ya msikiti ni mfano uliojengwa upya. Mgeni anayepanda mnara wa msikiti huonyeshwa vilima vya jiji kimoja kimoja, na miongoni mwavyo kipo Mengo, kilekile ambacho Lugard alitaka kukitazama.