Eti ukipiga namba ya dharura wanaona mpaka mlango wako?

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti ukipiga namba ya dharura hata usiposema neno wanaona ulipo mpaka mlangoni, kwa hiyo anwani na kibao cha namba ya nyumba ni mambo ya kizamani. Jamani si kweli, hasa vijijini.

Simu inakadiriwa ilipo kwa minara au kwa GPS. Vijijini minara iko mbalimbali, makadirio yanaweza kukosea kwa kilomita kadhaa, na GPS nayo ukiwa ndani ya nyumba inayumba. Kweli zipo simu zinazotuma eneo zenyewe, ila si kila nchi ina mfumo wa kulipokea. Watu wanachanganywa na apu za teksi, dereva anafika hadi getini basi wanadhani kila huduma inakuona hivyo, kumbe ile apu uliipa ruhusa mwenyewe. Ikikufikia hiyo meseji usiisambaze, iishie kwako.

Hakikisha mwenyewe: andika anwani yako kwenye ramani ya simu uone alama inaangukia wapi, wengine wataikuta katikati ya barabara au kwa jirani. Ikikosea waambie ofisi inayosimamia anwani eneo lenu (usipige namba ya dharura kujaribu, tafadhali). Kibao kisomeke usiku na kutoka pande zote mbili za barabara, maana hujui gari litatokea wapi. Na ukipiga, anza kusema uko wapi ndo useme kilichotokea, simu ikikatika angalau wanajua pa kuelekea.