Hitimisho si kila neno la mwisho

Hitimisho ni kauli unayolazimika kuikubali ukishakubali kauli nyingine zinazoibeba. Mamalia wote wana uti wa mgongo; popo ni mamalia; basi popo ana uti wa mgongo. Ukizikubali mbili za kwanza, ya tatu huna pa kuikwepea. Maana yake katika mantiki ni hiyo tu.

Sasa mtu anasimama na kusema, "Hitimisho langu ni kwamba watu siku hizi hawasomi," na hajatoa hata kauli moja inayoelekea huko! Nimeyasikia haya mara nyingi mno. Naona kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Hitimisho linatokana na hitimu, la mzizi wa Kiarabu kh-t-m: kupiga muhuri, kumaliza. Mzizi huohuo ndio uliotupa hatima na hitima. Yote hayo ni maneno ya kufika mwisho, na hakuna linalodokeza kwamba kitu kimetokana na kingine. Sikio likisikia hitimisho, linawaza aya ya mwisho au dakika ya mwisho ya hotuba.

Lakini hitimisho laweza kutajwa mwanzo kabisa. "Popo ana uti wa mgongo, kwa kuwa ni mamalia." Hapo limetangulia, sababu ikafuata, na bado ni hitimisho.

Wanamantiki wa Kiarabu walichagua neno jingine: natija, la mzizi unaotumika kwa ngamia anapozaa. Nalipenda sana neno hili. Kauli mbili zinakutana, inazaliwa ya tatu, na wazazi wake wanajulikana. Sisi natija tunayo, ila tumeiachia kazi ya faida na matokeo. Aristotle naye, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alieleza kwamba mambo fulani yakishawekwa, jambo jingine hufuata kwa lazima kwa sababu ya hayo yaliyowekwa. Hakusema lifuate mwishoni mwa maneno.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifunga hotuba sema "kwa kumalizia", inatosha. Na kama una wazo ambalo hujalijengea hoja, sema "naona" au "nakisia". Kukisia hakukushushi hadhi: neno hilo limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kupima, uleule uliozaa kiyasi, jina ambalo wanamantiki haohao waliipa hoja yenyewe inayozaa natija.