Kuzalisha Kondoo kwa Mikono Mitupu

Wafugaji wengi tumekua tukiambiwa kuwa magonjwa ya kondoo hayamwingii mtu. Ukishamzalisha, unanawa tu. Si kweli. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha miaka ya 1930, huambukiza kupitia damu na majimaji ya uzazi, na brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba mifugo, vivyo hivyo. Mchubuko pembeni mwa ukucha, ule unaoukumbuka ukikamua ndimu tu, unatosha.

Vaa glavu ndefu. Nawa kwa sabuni kabla pia, maana mkono mchafu humletea kondoo maambukizi ya kizazi. Mama mjamzito asisogee karibu kabisa, tafadhali. Kondo la nyuma lifukie kwenye shimo refu, mbwa wasilifukue.