Kitabu Hiki Kinafundisha Nini? Basi, Imetosha

Mimi ni mkutubi wa shule, na siku ya wazazi huwa naulizwa maswali mawili: choo kiko wapi, na hiki kitabu kinafundisha nini. La kwanza nalijibu kwa moyo mkunjufu.

La pili limenifika hapa. Na wala haliulizwi kwa kila kitabu. Mtoto akitoka maktaba na kitabu cha sayari au cha ndege, mzazi anatabasamu tu. Akitoka na riwaya ya kusisimua, yenye meli, pango, majambazi na mtoto aliyeondoka nyumbani bila kuaga, hapo mzazi anakigeuza, anasoma nyuma ya jalada, anafungua ukurasa wa mwisho kutafuta maneno ya busara. Asipoyaona ananitazama kama muuza gongo. Imani yenyewe ni kwamba riwaya ya namna hii ikikosa funzo ni upuuzi, tena upuuzi wenye madhara, kwa sababu mtoto ataiga. Mwalimu mwenzangu mmoja alinishauri niandike funzo la kila kitabu kwenye kikaratasi nikibandike ndani ya jalada, "ili mtoto asipotee njia." Kwenye riwaya ya kutafuta hazina! Kupotea njia ndiyo shughuli yenyewe.

Tuchukue riwaya ya Kisiwa chenye Hazina, maana wengi mliisoma au mlisimuliwa. Aliyeitia katika Kiswahili ni Frederick Johnson, zamani za mkoloni, huyo huyo aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1930. Mwenye hadithi, Stevenson, aliianza mwaka 1881 akiwa Braemar, Uskoti, kipindi cha mvua zisizokatika. Alichora ramani ya kisiwa akicheza na mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, na hadithi ikaota kwenye ramani. Ikachapwa kwanza kwa mfululizo katika gazeti la watoto, kisha ikawa kitabu mwaka 1883. Kilichotangulia ni mchezo wa siku ya mvua. Funzo halikualikwa.

Haya, nitafutieni humo hilo funzo. Nahodha mlevi amefia katika nyumba ya wageni ya kina Jim, mtoto wa hadithi, na ana deni. Usiku ule Jim na mama yake wanafungua kasha lake, na maharamia wako njiani. Mama anaapa kwamba atachukua haki yake tu, hata senti moja ya ziada haitaki. Uaminifu wa kuhubiriwa kabisa! Lakini sarafu za mfuko uliomo kashani ni za nchi mbalimbali, zimechanganyika, na yeye anajua kuhesabu kwa gini tu, zile sarafu za dhahabu za Kiingereza. Basi anazichambua moja moja, huku nje fimbo ya Pew kipofu, mmoja wa maharamia, inasikika ikigonga barabara iliyoganda kwa baridi. Uaminifu ule nusura uwaue wote wawili. Na Jim, eti ili kufidia hesabu, anabeba bahasha isiyo yake. Ndani ya bahasha ndimo ilimo ramani. Bila mkono ule mwepesi hakuna kitabu.

Njoo kwenye utii. Jim anajipenyeza ndani ya mashua bila ruhusa, anafika kisiwani, anakutana na Ben Gunn, baharia aliyetelekezwa huko. Baadaye anatoroka ngomeni, bastola kiunoni, hakuaga mtu, anakwenda kuikata meli nanga. Kila anapokosa utii anawaokoa wakubwa wake, na Daktari Livesey, mmoja wa wakubwa hao, anakuja kumwambia hivyo waziwazi. Je, niandike kwenye kikaratasi, "Funzo: usisikie la mkuu"? Hata hilo halitoshi, maana Nahodha Smollett, mkuu wa meli yao, ambaye naye ameokolewa, anamwambia Jim kwamba ni kijana mzuri kwa namna yake, ila hawatasafiri pamoja tena. Nani mwenye haki, daktari au nahodha? Hilo nimewaachia watoto wa darasa la sita walibishanie, kengele ikalia hawajamaliza. Halafu kuna Long John Silver, kiongozi wa maharamia. Ameua baharia mwaminifu, huku Jim anaona, na mwisho wa kitabu anatoroka na mfuko wa pesa. Hakamatwi, hanyongwi, hatubu. Watoto wengi wanafurahi, kisha wanaanza kujiuliza kwa nini wamefurahi. Sijui kikaratasi gani kingewafikisha pale.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, hadithi zetu sisi zina mafunzo. Hapa mori unanipanda. Bibi alipoanza hadithi, mliitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Nionyesheni mahali funzo lilipoitwa lije. Abunuwasi anaazima sufuria ya jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote viwili, hana swali. Anaazima tena, safari hii hairudi: sufuria imefariki. Jirani akipiga kelele anaulizwa, uliamini kwamba ilizaa, sasa unashindwaje kuamini kwamba imekufa? Hadithi imekwisha, na Abunuwasi amebaki na sufuria ya watu. Sungura naye anawalevya kwa asali walinzi wa kisima asichokichimba, anakunywa maji na kuoga humo humo. Ndiyo, anayetaka funzo atalikamua, ataniambia habari za tamaa. Lakini hakuna mtoto aliyekataa kwenda kulala kwa ajili ya hilo.

Aliyeliketisha funzo mwishoni mwa kila hadithi ni sisi walimu, na lile swali la mwisho la ufahamu: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Lina alama mbili, na kwa alama hizo mbili tumejiharibia wasomaji. Nimeona daftari za usomaji ambamo mtoto ameandika, chini ya Kisiwa chenye Hazina, "Funzo: tusiwe maharamia." Mwingine: "Tusipande meli za watu tusiowajua." Msidhani ni wajinga hao. Wameshajua mwalimu anataka nini, wameandika, wamekwenda zao kucheza mpira.

Sasa nisieleweke vibaya, maana nikifika hapa mtu husema, kumbe mkutubi huyu anataka vitabu visivyo na maadili. Ninachokitenga ni vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: tokeo na adhabu. Katika riwaya nzuri kosa lina tokeo lake, na tokeo hilo linatoka ndani ya jambo lenyewe. Umeondoka bila maji, utaona kiu. Umepuuza kupwa kwa maji, chombo kitakaa mchangani mpaka usiku. Hakuna anayekusuta. Katika kitabu cha funzo, adhabu inatoka mfukoni mwa mwandishi. Mtoto amekwenda mtoni bila kuaga, nyoka amemgonga. Nyoka yule hana kazi nyingine pale mtoni, ametumwa. Kisha anatokea mzee, inapatikana dawa, wanalia, wanasameheana, methali ya asiyesikia la mkuu inapigwa, mwisho. Nimeisoma hadithi hiyo chini ya majalada mengi, mara mto umekuwa pori, mara nyoka amekuwa mamba, mara mzee amekuwa askari wa wanyamapori. Mtoto anayeingia maktaba kila wiki anaitambua kwenye ukurasa wa pili.

Mnataka ushahidi? Chukueni kitabu kilichokaa shuleni miaka kadhaa, kifungeni, mtazame ukingo wa kurasa. Vidole vya watoto huacha rangi ya kahawia. Kwenye riwaya inayosomwa, rangi hiyo inakwenda mpaka mwisho, na mahali fulani katikati imekolea, pale wanaporudia rudia. Kwenye kitabu cha funzo rangi iko kwenye kurasa za mwanzo, halafu unaona weupe mtupu, halafu rangi kidogo kwenye kurasa mbili za mwisho. Wameruka kwenda kuchota jibu la daftari. Siku hizi nikipokea vitabu vya msaada vilivyotumika kwingine, ukingo ndio ninaouangalia kwanza.

Basi nachagua vipi? Nitapita haraka. Wakubwa waondoke mapema kwenye hadithi, kwa safari, kwa ugonjwa, kwa vyovyote. Mtoto wa hadithi aamue jambo mwenyewe, na aweze kukosea. Sura ziwe fupi na ziishie pabaya. Maandishi yasibanane. Ramani mbele ni nusu ya kazi. Wasichana husoma riwaya za wavulana bila shida yoyote. Mvulana ukitaka asome yenye msichana jaladani, msomee sura ya kwanza kabla hajaliona jalada. Damu kidogo haijawahi kumuua mtu, ila mtoto akisema anaogopa, kitabu kinarudi rafuni siku hiyo hiyo, hakuna kumbembeleza. Lugha: ile anayogombana nayo na wenzake uwanjani. Mzazi anayetaka mtoto wa darasa la tatu afukuzane na maharamia kwa Kiingereza asichokielewa anamnunulia mtoto usingizi.

Jambo moja sipiti haraka: mwandishi awe anaijua kazi anayoiandika. Jim anapoifuata meli usiku, yumo ndani ya kijimashua cha Ben Gunn cha ngozi ya mbuzi, kinazunguka tu, hakiongozeki. Kinachomfikisha ni maji yanayokupwa. Anaishika kamba ya nanga, imekaza kama uzi wa zeze. Anajua kwamba akiikata imekaza vile itamrusha. Basi anakata nyuzi zake moja moja mpaka zinabaki mbili, anasubiri upepo uilegeze kamba, ndipo anamalizia. Nikiwasomea hapo kwa sauti, watoto wa pwani ndio wa kuangalia. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi, asiyenyanyua mkono hata akijua jibu, alisimama kuwaeleza wenzake kwa nini kamba iliyokaza haikatwi kwa pigo moja. Mkono huku, mkono kule, kamba anaivuta hewani. Mwandishi angekosea pale, mtoto yule angekifunga kitabu na asingenirudia.

Yapo yanayonitatiza, na sitajifanya nimeyamaliza. Matoleo yaliyofupishwa, kwa mfano. Yanamsaidia anayesoma polepole, hilo naliona. Lakini anayefupisha huwa anaondoa zile kamba na sarafu, anabakiza mbio na risasi, na mtoto anamaliza akidhani ameshakisoma. Nayaweka kwa sababu bila hayo nusu ya darasa la nne ingetoka mikono mitupu. Siyapendi.

Kubwa zaidi ni riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwingereza Haggard aliichapisha mwaka 1885 na kuitabaruku kwa wavulana wakubwa na wadogo, nayo pia tuna Kiswahili chake cha enzi zile. Kwa kasi ya hadithi hakuna cha kuongeza. Mlango wa jiwe unapomshukia Gagool, yule bibi kizee mchawi, darasa zima hunyamaza. Lakini humo Mwafrika ni wa kuongozwa au wa kuogopwa, tembo wanauawa kama mchezo, na Foulata, msichana anayempenda mzungu, anauawa na mwandishi baada ya kutamkishwa kwamba jua haliwezi kuoana na giza. Kitabu hicho siwezi kumpa mtoto wa miaka kumi nikaondoka. Inabidi nikae naye, nimuulize anaonaje, nimweleze kilikotoka. Na nikikaa hivyo, nafanya kile kile ninachowagombeza wazazi: natia funzo. Tofauti naijua, au najidanganya kwamba naijua, kwamba mimi nauliza na wao wanajibu. Siku nyingine nafikiri ingekuwa haki zaidi kukiacha tu kati ya vingine, mtoto akasirike mwenyewe.

Kwa sasa nimekiweka rafu ya juu kabisa. Anayekifikia bila kupanda kiti, anakiazima.