Nchi Inaelekea Wapi? Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, swali la nchi inaelekea wapi limetoka kwenye midahalo ya wasomi na kuingia kwenye daladala za Nkuhungu, kwenye mabanda ya chipsi ya Ilazo na kwenye foleni za ofisi kule Mtumba. Hapa Dodoma swali hili halikwepeki, kwa kuwa Bunge na wizara ni majirani zetu, na uamuzi unaopitishwa asubuhi hujadiliwa vijiweni kabla jua halijazama. Katika majibu mengi ninayoyasikia, hofu na matumaini yetu vinaegemea mambo ambayo si sahihi, au ni sahihi nusu tu. Naomba tuyapime kwa yaliyotokea na kwa yaliyoandikwa kwenye sheria zetu.

“Amani yetu ni ya asili, haiwezi kuguswa.”

Laiti ingekuwa hivyo. Mwezi Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000, na wananchi wengine wa Pemba wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya. Mwaka 2025 maandamano yalizuka siku ileile ya kupiga kura, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na ndugu zetu wakapoteza maisha kwa idadi ambayo bado inabishaniwa. CHADEMA hawakuwa na mgombea kwenye karatasi ya kura ya urais, mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Tarehe 14 Novemba, akifungua Bunge hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza kuunda tume ya uchunguzi.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ya visiwani inaonyesha kwamba umwagaji damu haufungi njia. Baada ya mazungumzo ya Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, Wazanzibari walipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, ambayo iliingizwa katika Katiba ya Zanzibar. Mfumo huo uliyumba vibaya uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, lakini haukuondolewa kwenye Katiba, na ndiyo maana uliweza kurejeshwa mwaka 2020. Ninachosisitiza hapa ni kwamba maridhiano yaliyobaki katika maandishi yaliwasubiri watu warudi mezani.

“Kila kitu kinategemea mtu mmoja aliyeko Ikulu.”

Ukomo wa mihula miwili ya urais umo katika ibara ya 40 ya Katiba, na Mwinyi mwaka 1995, Mkapa mwaka 2005 na Kikwete mwaka 2015 waliondoka madarakani muda ulipofika. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais aliapishwa siku mbili baadaye kwa mujibu wa ibara ya 37, na nchi haikukaa na ombwe. Wanaosema hatuna taasisi hata kidogo wanakosea.

Lakini na wanaosema Katiba inatosha kutulinda hawajaisoma mpaka mwisho. Ibara ya 98 inaruhusu sehemu kubwa ya Katiba, pamoja na huo ukomo wa mihula, kubadilishwa kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote, bila mwananchi kuulizwa kwa kura ya maoni, na tumekwisha kuwa na mabunge ambamo chama kimoja kina viti vingi zaidi ya hapo. Ibara ya 41(7) nayo inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki ya wananchi. Kwangu mimi, mtu anayetaka kujua sababu ya wasiwasi wa Watanzania wengi baada ya kila uchaguzi aanzie kwenye kifungu hicho.

“Wananchi wengi hawakuvitaka vyama vingi, kwa hiyo havina mizizi.”

Ni kweli kwamba Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi, iliripoti kuwa zaidi ya asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kinachosahaulika ni kwamba wengi miongoni mwa hao walitaka pia mfumo ufanyiwe marekebisho, na kwamba Tume ilitaja sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, ila marekebisho yaliyotakiwa kuvisindikiza hayakukamilika, na upungufu wa mageuzi hayo mtu asiuchukulie kuwa ushahidi kwamba wananchi wameyakataa.

“Katiba mpya ilishashindikana, hilo limekwisha.”

Sisi wa Dodoma tuliuona mchakato ule kwa macho. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni na kukabidhi rasimu ya pili Desemba 2013, ikipendekeza muundo wa serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Februari 2014 Bunge Maalumu la Katiba, lenye wajumbe zaidi ya 600 chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta, na Samia Suluhu Hassan akiwa makamu wake, lilianza vikao katika ukumbi wa Bunge hapa mjini. Wiki za mwanzo zilikwenda kwenye kanuni, kwenye mabishano ya posho, na kwenye swali la iwapo kura iwe ya siri au ya wazi. Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje. Waliobaki waliendelea, muundo wa serikali mbili ukarudishwa, na tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na haijafanyika mpaka leo.

Ukiufuatilia mtiririko huo hatua kwa hatua, utaona kwamba wananchi hawakuikataa katiba mpya, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa. Maoni yaliyokusanywa vijijini na mijini yapo, rasimu zipo, na makosa ya utaratibu yanajulikana: wanasiasa walikuwa wengi mno kati ya walioamua, na hapakuwa na maelewano ya awali juu ya muundo wa Muungano. Suala hili liliahidiwa tena katika kampeni za 2025. Binafsi nina matumaini nalo kuliko jambo lingine lolote, na ndilo pia linalonitia hofu zaidi, maana mchakato ukivunjika mara ya pili itakuwa vigumu kuwashawishi vijana watoe maoni yao mara ya tatu.

“Dira 2050 imeshazinduliwa, basi mwelekeo umepatikana.”

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa hapa Dodoma Julai 2025, ikilenga uchumi wa dola trilioni moja na pato la wastani wa dola 7,000 kwa kila mtu. Malengo hayo ni mazuri. Lakini jiji hili lenyewe linajua umbali uliopo kati ya tamko na utekelezaji. TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na kazi ilitarajiwa kumalizika ndani ya miaka kumi. Bunge lilihamia mwaka 1996. Serikali ilianza kuhama kwa kasi baada ya tangazo la Julai 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ilipitishwa mwaka 2018, miaka 45 baada ya uamuzi. Leo hakuna anayeuliza tena kama Serikali itarudi Dar es Salaam, kwa sababu sheria ipo, majengo ya Mtumba yapo na Ikulu ya Chamwino inafanya kazi.

“Sisi wa huku chini hatuna letu.”

Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi, na sheria yenyewe inaikanusha. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi niliwahi kuhudhuria mkutano uliofanyika chini ya mbuyu. Mtendaji alisoma taarifa ya mapato na matumizi haraka haraka, kisha mwenyekiti akataka kuingia ajenda inayofuata. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kanga, mjukuu akiwa mapajani, akanyoosha mkono: “Mwenyekiti, nakuheshimu, lakini ushuru wa mnada sijausikia. Umeingia shilingi ngapi?” Mwenyekiti alisema litajibiwa mkutano ujao. Wazee wawili wakasema hapana, lijibiwe sasa. Mtendaji akafuata vitabu vya stakabadhi ofisini, na watu wakamsubiri palepale mpaka hesabu ikasomwa mstari kwa mstari.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Pale ambapo haujaitishwa, wakazi wanaweza kumwandikia mwenyekiti kupitia kwa mtendaji wa kijiji, wakatuma nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, na kubaki na nakala yao iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.